Umekuwa Bosi wa Waliokuwa Wenzako: Mwongozo wa Miezi Mitatu ya Mwanzo

Barua ya kupandishwa cheo ni karatasi moja tu, lakini ikishasainiwa, watu mliokuwa mkila nao meza moja wanaanza kukutazama kwa jicho jingine. Mmoja atakuita "bosi" kwa utani ambao si utani. Mwingine, aliyeomba nafasi hiyohiyo, atakupongeza kwa maneno mawili na kurudi kwenye kompyuta yake. Na yupo mzee wa stoo, aliyeajiriwa wewe ukiwa darasa la tatu, ambaye kuanzia Jumatatu fomu yake ya likizo utaisaini wewe.

Meneja aliyeletwa kutoka nje ana nafuu, maana hakuna anayemjua. Wewe wanakujua. Wanajua siku unazochelewa, na wanakumbuka vizuri ulichokuwa ukisema kuhusu meneja aliyepita. Mwongozo huu ni wako. Nimeuandika nikifikiria kampuni binafsi za Tanzania, na sheria ninazozitaja ni za huku. Msomaji wa Kenya ana Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007, yenye siku na taratibu zake.

Hoja yangu ni moja: heshima na mamlaka havigombani mradi kila kimoja kikae mahali pake. Salamu ina mahali pake, karipio lina mahali pake, na uamuzi mara nyingi mahali pake ni kwenye maandishi. Bosi mpya huharibu pale anapovichanganya.

Hatua ya 1: Soma barua, kisha uliza yasiyoandikwa

Barua nyingi za cheo hutaja cheo, mshahara na tarehe, basi. Mipaka ya madaraka yako haimo. Kabla hujatangazwa, omba dakika ishirini kwa mkuu wako umuulize: naweza kuidhinisha likizo ya siku ngapi bila kukuuliza? Naweza kusaini malipo ya kiasi gani peke yangu? Nafasi yangu ya zamani itajazwa lini, na hadi ijazwe nani anafanya ile kazi? Hilo la mwisho usiliruke. Wapo wanaopanda cheo wakabaki na kazi ya zamani mgongoni mwaka mzima, kwa mshahara mmoja.

Ukishajibiwa, rudi mezani kwako umwandikie: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa ni hivi…" Malizia na "kama nimekosea mahali, naomba unisahihishe." Asipojibu, kumbukumbu unayo.

Kama barua inasema "kaimu", nenda HR uulize unakaimu hadi lini na posho ya kukaimu ni kiasi gani. Ukaimu usio na tarehe ya mwisho umewazeesha watu.

Halafu makabidhiano. Meneja anayeondoka akikwambia "kila kitu kipo kwenye mafaili," mshukuru, kisha kaeni chini muandike. Hati iwe na mikataba inayokaribia kuisha, wauzaji wanaodai, masurufu (fedha za kazi zilizotolewa mapema) ambayo hayajarejeshwa na nani aliyachukua, siku za likizo anazodai kila mtu, na vifaa pamoja na namba zake. Ongeza kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: ahadi za mdomo. "Nilimwambia ataenda mafunzo mwezi wa tisa." "Nilikubali aondoke mapema Jumatano kwa ajili ya kliniki." Hizo ndizo zitakazokuumbua mwezi wa pili, mtu akija na "meneja aliyepita alikubali" nawe huna la kujibu. Sainini wote wawili, nakala moja iende HR.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, zunguka kwa miguu

Usianze na kikao. Anza na salamu, na uanzie getini: mlinzi, dada wa usafi, mapokezi, kisha ndani. Waliokuzidi umri waamkie kama ulivyowaamkia wiki iliyopita. Kuna vijana wakipata cheo shikamoo inawakauka mdomoni, wanaona inawashusha mbele ya watu. Kinachowashusha ni kuiacha, kwa sababu ofisi nzima itaona, na mchana huohuo itakuwa habari ya mezani.

Sikiliza mazungumzo haya ya mlangoni pa stoo:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tumesikia. Hongera."

"Asante mzee. Kesho baada ya chai nitakuja kwako, unionyeshe hesabu za stoo zinavyokwenda. Na ile ripoti ya mwisho wa mwezi, tarehe ni ileile, 28."

"Haya, haina shida."

Mzee kapata heshima yake, na tarehe 28 imebaki pale pale. Kijana hakusema "mzee naomba tu kama utapata nafasi," wala hakuja na sauti ya kamanda. Mara nyingi vijana huangukia upande mmojawapo: aibu ya umri inawafanya waombe kazi kama msaada, au woga wa kudharauliwa unawafanya wakaripe mtu asiyekuwa na kosa.

Kuhusu namna ya kuitana: ndani ya ofisi "mzee", "mama", "kaka" na "dada" havina ubaya. Mbele ya mteja tumia cheo au jina kamili: "huyu ni mhasibu wetu, Bwana fulani." Kwa mabosi wanawake vijana hili ni zito zaidi, maana utasikia "mdogo wangu" mbele ya mteja aliyekuja kusaini mkataba. Usimsahihishe aliyesema palepale. Mteja akiondoka, mwite pembeni: "Kaka, nyumbani ni mdogo wako. Mbele ya wateja naomba unitaje kwa cheo, inaisaidia kampuni." Aghalabu hukubali, kwa sababu hukumwaibisha.

Utani nao upunguze. Mchaga na Mpare, watani wa jadi, mkiwa sawa kwa cheo mtataniana hadi machozi yawatoke, na hakuna atakayekasirika. Ukishakuwa bosi, unayemtania hana uhuru wa kukurudishia kwa ukubwa uleule. Mwache yeye aanze.

Siku hiyohiyo mtafute yule aliyeikosa nafasi, mkiwa wawili tu. Usimwambie "ningefurahi ungepata wewe". Hataamini, na hata wewe huamini. Usimwahidi nafasi ijayo, si yako kuigawa. Mwambie: "Najua na wewe uliomba, sitajifanya sijui. Wateja wa mikoani unawajua kunizidi, na nataka uendelee kuwashika. Tathmini ikifika nitaandika ulichofanya kama kilivyo." Kisha timiza hiyo sentensi ya mwisho.

Hatua ya 3: Zungumza na kila mmoja peke yake

Ndani ya wiki mbili za mwanzo, mpe kila mtu nusu saa. Usikae nyuma ya meza kubwa. Sogeza viti, au mwende mkanywe chai. Maswali matatu yanatosha. Ni kitu gani kinakuchelewesha kazini ambacho mimi naweza kukiondoa? Unafanya nini ambacho wengine hawajui kwamba unakifanya? Ungekuwa wewe kwenye nafasi yangu, ungeanza na nini?

La pili ndilo lenye hazina. Utagundua dada wa mapokezi ndiye anayetuliza wateja wenye hasira kwa simu, na dereva ndiye anayejua ni ofisi ipi ya mteja inalipa hundi Ijumaa tu. Andika, na umwambie kwamba unaandika. Usiahidi chochote siku hiyo. "Nimelisikia, nitakujibu Ijumaa ijayo" ni jibu kamili, mradi Ijumaa ijayo umjibu, hata kama jibu ni hapana.

Hatua ya 4: Marafiki, majungu na lile kundi la WhatsApp

Kila ofisi ina makundi mawili ya WhatsApp. Lipo la ofisi, lenye bosi ndani, ambako watu hutuma "noted" na kidole gumba. Na lipo lile jingine, lisilo na bosi, ambako maneno hutoka kama yalivyo. Ulikuwa kwenye lile la pili. Toka. Toka kwa amani, siku ya kwanza au ya pili, kwa ujumbe mfupi: "Jamani, kwa nafasi niliyopewa naona ni haki niwaachie uwanja. Tuonane canteen." Usibaki humo kimya ukisoma, na usimwachie rafiki mmoja awe anakuletea picha za skrini. Siku ikijulikana, na itajulikana, hakuna atakayekuamini tena kwa lolote.

Urafiki wenyewe usiuvunje. Endelea kula nao, lakini zungusha meza: Jumatatu na hawa, Jumatano na watu wa stoo. Kuna mada tatu za kuziacha nje ya chakula: mishahara, nani anafukuzwa, na mkurugenzi kasema nini. Rafiki akiuliza, jibu "hilo sasa hivi siwezi kulizungumza." Huna haja ya kudanganya kwamba hujui.

Kukopeshana ndiko kwenye mtego. Jana ulikuwa ukimtumia mwenzako elfu ishirini kwa simu hadi mwisho wa mwezi. Leo ukimkopesha, kumdai ni vigumu. Ukimnyima ruhusa wiki ijayo, ataona ni kwa sababu ya deni. Waelekeze kwenye utaratibu wa mkopo wa mshahara wa kampuni au SACCOS kama ipo. Na wewe usikope kwa walio chini yako, hata nauli.

Majungu yatakufuata mlangoni. Atakuja mtu, atafunga mlango taratibu, ataanza na "mimi sipendi kusema sana, ila…" Msikilize hadi mwisho, kisha uliza: "Hili naweza kumwuliza mwenyewe nikataja kwamba limetoka kwako?" Akisema hapana, mwambie basi huna la kulifanyia. Kuna jambo moja tu ambalo utaratibu huu hauligusi: mtu akileta taarifa ya wizi, unyanyasaji au hatari kwa usalama, jina lake unalilinda na suala unalipeleka panapohusika siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Endesha kikao ambacho watu hawatakilaani

Hapa ndipo utapimwa kila wiki, mbele ya wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Saa iandikwe bila utata. Kalenda ya kompyuta inasema 9:00, watu wanasema saa tatu, na kila ofisi ina mtu aliyewahi kutokea saa tisa alasiri akashangaa chumba kitupu. Andika "saa 3:00 asubuhi". Kama kuna mtu wa London kwenye simu, kumbuka wao hubadili saa na sisi hatubadili: majira yao ya joto tunawatangulia saa mbili, ya baridi saa tatu. Tuma mwaliko ukiwa na saa za pande zote mbili.

Ajenda itumwe siku moja kabla, mistari mitano haizidi. Sisi tuna mpangilio wetu wa siku nyingi: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda mpya, mengineyo, kufunga. Ni mpangilio mzuri, ila "yatokanayo" humeza saa nzima watu wakieleza kwa nini jambo halijafanyika, na "mengineyo" huleta mgogoro mzito wakati watu wameshafunga daftari. Dawa yake: yatokanayo yajibiwe kwa "imefanyika" au "haijafanyika, itakuwa tarehe fulani", na anayetaka mengineyo akupe taarifa kabla ya kikao kuanza.

Anza kwa wakati hata kama mko watatu. Aliyechelewa usimkaripie mbele ya watu wala usirudie yaliyopita kwa ajili yake; akisogea kwenye kiti, endelea. Baada ya vikao viwili vitatu watajirekebisha. Chelewa wewe mara moja, na utaratibu wote umekufa.

Mwenye umri mkubwa mpe nafasi ya kusema mapema, lakini usimpe awe wa kwanza kabisa kwenye jambo lenye ubishi. Mzee akishatoa kauli, vijana hawatampinga mbele ya watu, na utaondoka ukidhani mmekubaliana. Waanze wa chini, mzee awe katikati, wewe uwe wa mwisho. Kimya usikihesabu kuwa ni ndiyo. Kwenye jambo kubwa, zungukia watu wawili watatu kabla ya kikao, uwasikie wakiwa peke yao, kwa sababu wengi wetu hatujazoea kumkatalia bosi hadharani. Na ukisikia "nitajitahidi", uliza papo hapo: "Itakuwa tayari siku gani? Ikikwama, utanijulisha lini?"

Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo, na kitu cha maana ndani yake ni jedwali la safu tatu: kazi, nani, lini. Safu ya "nani" isiandikwe "idara" wala "wote". Kazi ya wote haina mwenyewe.

Hatua ya 6: Andika ili usieleweke vibaya

Simu ni kwa la dharura na lenye hisia. WhatsApp ni kwa lile ambalo likipotea hakuna hasara. Barua pepe ni kwa uamuzi, fedha na tarehe. Ukiagiza manunuzi kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, siku mkaguzi akija mtatafuta sauti yako ndani ya simu ya mtu aliyeacha kazi.

Barua pepe nzuri ya kazi haina mapambo:

"Habari za asubuhi. Naomba ripoti ya mauzo ya Agosti inifikie Alhamisi tarehe 4, kabla ya saa 10 jioni, kwa sababu Ijumaa naiwasilisha kwa mkurugenzi. Kama kuna tawi halijaleta takwimu, nijulishe leo nilipigie mwenyewe. Asante."

Salamu ipo, tarehe ipo, sababu ipo, na mlango wa msaada umeachwa wazi. Usimnakili mkurugenzi kwenye barua ya kumkumbusha mtu mara ya kwanza. Hiyo kila mtu anaisoma kama kushtaki. Mara ya tatu, sawa, na umwambie kabla hujafanya hivyo.

Ujumbe wa saa nne usiku unaweza kusubiri. Wewe unaweza kuwa unaandika ili usisahau, lakini anayepokea anaamka kitandani kujibu. Programu nyingi za barua pepe zina sehemu ya kupanga ujumbe uende asubuhi. Na taarifa za watu zisirushwe kwenye kundi: mtu akileta ED ya hospitali, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, ugonjwa wake haumhusu mtu mwingine. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, inatumika, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazolindwa zaidi.

Hatua ya 7: Kumrekebisha mtu

Sifa hadharani, kosa faraghani. Hili kila mtu analijua, na kila mtu analivunja siku mteja akipiga simu kwa hasira. Ukihisi sauti inapanda, sema "tutaongea saa nane" na uondoke.

Mkikaa, taja tukio na usitaje tabia. "Wewe ni mvivu" ni tusi, na atalijibu kama tusi. "Ripoti ya tarehe 28 ilifika tarehe 3, ya mwezi uliopita ilifika tarehe 5, na mara zote mbili hukunijulisha" ni jambo la kujadili. Kisha nyamaza. Mabosi wengi hukimbilia kuujaza ule ukimya wenyewe, na hapo hukosa sababu ya kweli: mtoto amelazwa Muhimbili, kompyuta inazima kila saa, au haijui ile kazi na anaona haya kusema. Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri, mfuate ofisini kwake badala ya kumwita kwako, uanze na salamu ya kweli, halafu sema jambo lenyewe bila kulizungusha. Adabu haidai umfiche kosa lake.

Mazungumzo yakishindikana mara mbili, ingia kwenye utaratibu, na usiingie peke yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kumwachisha mtu kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimeufafanua: uchunguzi kwanza, kisha mtu aelezwe tuhuma zake kwa namna anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao cha nidhamu awe mtu wa menejimenti asiyehusika na mkasa wenyewe. Maana yake ni kwamba wewe uliyeripoti kosa huwezi kuwa mwenyekiti. Kampuni zimeshindwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, zikiwa na sababu nzuri kabisa mkononi, kwa kuwa bosi mmoja alikuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu. Aliyeachishwa ana siku 30 za kufungua mgogoro huko.

Kwa hiyo anza kutunza karatasi tangu onyo la mdomo: tarehe, kilichosemwa, mlichokubaliana. Barua ya kutaka maelezo ipitie HR kabla ya kumfikia mhusika. Na usimtishie mtu kazi yake kwa mdomo korido. Maneno hayo yatarudi yakiwa ushahidi.

Hatua ya 8: Likizo, misiba na michango

Jua namba. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Uzazi kwa mama ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata angalau siku 3. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. (Wewe mwenyewe, kama unasimamia watu na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, vifungu hivyo vya saa havikulindi. Karibu kwenye umeneja.) Sera ya kampuni inaweza kutoa zaidi, haiwezi kutoa pungufu.

Msiba ndio unaopima utu wa bosi. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu au mtoto. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mama mkwe hayumo. Na mtu aliyelelewa na mjomba wake Kigoma hatakuelewa ukimsomea kifungu, wala siku nne hazimtoshi kwenda kwa basi, kuzika na kurudi. Panga na HR mapema utaratibu wa kuchanganya na siku za likizo ya mwaka, kisha utumie utaratibu huohuo kwa wote, kuanzia mhudumu hadi mhasibu mkuu. Kama msiba uko karibu, nenda. Dakika ishirini za bosi kwenye turubai hukumbukwa kuliko rambirambi iliyotumwa kwa simu.

Michango ya harusi na kitchen party: changa kiasi cha kawaida, usiwe mweka hazina wala usishike orodha. Orodha ikiwa mkononi mwa bosi, hakuna tena mchango wa hiari.

Mwezi wa Ramadhani sogeza vikao vizito viwe asubuhi na usiwabakize watu jioni. Ijumaa usipange kitu kati ya saa sita na saa nane mchana. Msabato usimwombe zamu ya Jumamosi halafu ukaandika kwenye tathmini kwamba hajitoi.

Hatua ya 9: Zawadi, ndugu na mlango uliofungwa

Kalenda na kalamu za muuzaji pokea, uziweke mezani kwa wote. Bahasha, simu au "mafuta ya gari" rudisha siku hiyohiyo na umwandikie mkuu wako mistari miwili. Shemeji yako akileta zabuni, tamka uhusiano huo kwa maandishi kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa, na ujitoe kwenye uamuzi. Kwenye safari ya kikazi, rejesha masurufu mapema ukiwa na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Huwezi kuwadai wengine zao za kwako zikiwa droo ya chini.

Anayetumia cheo kudai ngono ili atoe ajira, cheo au upendeleo anafanya kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Rushwa ya ngono haisuluhishwi kifamilia ofisini. Ukiletewa malalamiko, usimwite mtuhumiwa "mliongee". Andika, mlinde mlalamikaji, na upeleke juu. Na wewe, ukizungumza na mfanyakazi faraghani, kaa chumba chenye kioo au acha mlango wazi kidogo.

Hatua ya 10: Habari mbaya zifike juu zikiwa bado za moto

Mkurugenzi hachukii tatizo kama anavyochukia kulisikia kwa mteja. Mpigie: kimetokea nini, kinagharimu nini, nimeshafanya nini, nahitaji nini kwako. Dakika tatu. Kosa la kikosi chako likifika kwake, sema "tulichelewa", usitaje jina la kijana. Mafanikio yakifika, jina litaje, ikiwezekana mwenyewe akiwepo.

Hatua ya 11: Mwezi wa tatu, ondoka wiki moja

Chukua siku tano za likizo yako. Teua mtu wa kukaimu kwa barua, ikieleza anaweza kusaini nini na hadi kiasi gani, na kama kuna posho iandikwe humohumo. Usimchague rafiki yako. Ukiweza mchague yule aliyeikosa nafasi. Mfanye makabidhiano ya ukurasa mmoja. Jitoe kwa muda kwenye kundi la ofisi, mwachie yeye peke yake namba utakayopokea, na mkubaliane ni mambo gani mawili au matatu yanayostahili simu. Ukirudi, kabla hujafungua barua pepe, kaa naye muangalie alichoamua. Alichoamua ndani ya mipaka ya barua yake kisitenguliwe, hata kama wewe ungefanya vingine.